Alama Chini ya Sufuria

Mama Anyesi alizikwa Alhamisi, kijijini kwake juu ya Vwawa, nami nilikwenda msibani na sufuria. Wengine walibeba unga, maharage na bahasha za rambirambi. Mimi nilipanda gari nikiwa nimekumbatia sufuria kubwa ya aluminiamu iliyofungwa kwenye khanga, na kondakta akaniuliza kama ninahamia kwa mume mpya. Nilimjibu vibaya, abiria wakacheka, akaona aibu kijana wa watu. Mimi si mtu mpole, na siku ile nilikuwa na sababu. Sufuria ile nimekuwa nayo tangu nilipokuwa na miaka ishirini na sijawahi kuipikia hata uji. Imehama nami nyumba nne, imekaa chini ya kitanda changu miaka yote, na watoto wangu wamekua wakijua kwamba haiguswi. Mmoja alidhani ni mambo ya uganga. Mwingine alidhani ni kumbukumbu ya bibi yake. Niliwaacha wadhani. Mtu ambaye maisha yake yote ameuza vitu vilivyotumika, na kuwaambia watu kwamba kitu ni kitu tu, ataanzaje kueleza kwamba kuna kimoja hakiuzi, na kwamba hicho kimoja si chake?

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa Tunduma kwa ma'mdogo Tabu. Nilifikaje huko ni habari ndefu na haina maana leo. Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, sote tulihesabiwa watu wa Mbeya, na Tunduma ilikuwa vumbi, malori na watu wanaovuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi kama vile wanakwenda chooni. Ma'mdogo alipanga chumba kimoja nyuma ya kibanda chake cha biashara, na chumba hicho ndicho kilikuwa ghala. Kila kitu mle ndani kilikuwa kinauzwa, pamoja na kitanda changu. Nilikuwa ninarudi jioni ninakuta kimeshakwenda, ninalala kwenye kochi. Kochi nalo likipata mtu, ninatandika godoro kati ya makabati mawili. Tulikula ugali na dagaa kwenye sahani zozote ambazo hazijauzwa, siku moja za maua, kesho yake za plastiki, na kuna mwezi mzima tulikunywa chai kwenye vikombe vyembamba vya mwalimu mkuu aliyehamishwa, ma'mdogo akininyooshea kidole kila ninapokiweka changu mezani kwa kishindo. Nje nilikuwa ninawasikia wanawake wa ng'ambo wakiuliza, "Nishinga, bamayo?" naye akiwatajia bei kwa Kibemba chake kibovu, wakicheka pamoja, wakipunguziana. Nilimpenda sana ma'mdogo. Ninalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata hayatamfanya apendeke.

Alikuwa na jicho. Akipita nje ya nyumba ya mtumishi wa serikali, akaona pazia limeshushwa katikati ya wiki, alijua barua ya uhamisho imefika, na kabla ya jioni tulikuwa sebuleni kwao tunapima meza kwa mikono. Mtu anayehama anataka kuondokewa na mzigo, mtu anayeanza maisha anataka mzigo, nasi tulikaa katikati. Alinifundisha kunusa godoro, kutikisa kiti, kugonga kabati mgongoni kusikia kama mchwa wameingia. Na alikuwa na sheria moja, aliyoisema kwa sauti ileile aliyotumia kuombea chakula: "Sisi hatuulizi. Mtu akikuuzia kitanda cha ndoa, usimuulize ndoa iko wapi. Ukiuliza atalia, akilia hatauza, asipouza atakichukua mwingine." Mimi niliona ni hekima kubwa. Nilikuwa na miaka ishirini, kila kilichosemwa kwa kujiamini nilikiona hekima.

Kazi yangu hasa ilikuwa kukwangua majina. Kwetu kila nyumba ina alama yake chini ya vyombo, kwa sababu siku ya msiba au harusi sufuria hukusanywa kijiji kizima, na shughuli ikiisha wanawake huosha, hugeuza kila chombo kifudifudi, husoma, na kila kimoja hurudi kwa mwenyewe. Wengine huandika kwa rangi ya kucha, wengine kwa rangi ya mafuta, wengine hutoboa matundu kwa msumari. Lakini hakuna anayetaka kununua sufuria yenye jina la mtu mwingine. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda na msasa, waya wa kusugulia na kitambaa chenye mafuta ya taa, nikawa ninawaondoa watu mmoja mmoja. Mama Stela. Familia ya Sichone. H.M. na moyo uliochorwa vibaya. Nilikuwa na mkono mzuri, sikuacha hata kivuli cha herufi, na ma'mdogo akawa ananisifia mbele ya wateja. Niliona fahari. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwamba niliona fahari.

Mwaka huohuo bei ya kahawa ilianguka. Watu wa Mbozi waliokuwa wamejenga nyumba za bati na kusomesha watoto kwa kahawa walipeleka magunia wakarudi na mikono kichwani, na ma'mdogo akasema sasa twende juu. Tulipanda kila wiki, tukishuka na mzigo kwenye lori lililorudi tupu. Nimeona biashara nyingi mbaya tangu hapo, lakini sijaona kama ile. Wanyiha wale, wenyeji wa huko Mbozi, walitukaribisha. Tulikwenda kuwavua nguo nao walitukalisha kwenye makochi tuliyokuja kuyanunua, wakatuletea viazi vitamu na chai ya maziwa, wakatuuliza habari za Tunduma, na hadi tumeshiba ndipo baba mwenye nyumba anakohoa na kusema, "Eeh, kuna hii redio pia." Mama mmoja alitufutia vumbi kwenye kabati lake kabla hatujalibeba, hadi kwenye pembe, akisema ni aibu litoke hivyo. Nilikuwa ninatoka kwenye nyumba hizo ninatamani kulia. Kisha tunafika barabarani ma'mdogo ananiuliza lile kabati nimeligonga mgongoni, na mimi ninamjibu, ndiyo, halina mchwa.

Nyumbani kwa mama Anyesi tulimkuta mumewe peke yake. Mkewe, alisema, amekwenda Ivuna, binti yao mkubwa Anyesi amejifungua huko, atakaa mwezi mzima kumhudumia mzazi na atarudi na chumvi. Alitupa mahindi ya kuchemsha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua kuuza. Alitaja bei, akaipunguza mwenyewe kabla hatujafungua mdomo. Kisha akaingia chumba cha nyuma akaanza kutoa sufuria, moja moja, saba kubwa, za kupikia wali wa umati, na kila alipotoka na moja alitazama barabarani. Hakuna nyumba ya mkulima yenye sufuria saba za ukubwa ule. Niligeuza moja. Chini kulikuwa na duara la rangi ya bluu lenye msalaba ndani yake, na rangi ilikuwa ileile niliyoiona kwenye milango ya kanisa tulipopita asubuhi. Sikuhitaji kuelezwa. Ni za umoja wa akina mama wa kuzikana, zilizochangwa miaka na miaka, na mama Anyesi ndiye mtunzaji.

"Baba, hizi ni za nyumba hii?" niliuliza.

Ma'mdogo alinikanyaga mguu.

"Ziko ndani kwangu," yule baba akasema, akitazama mahindi yake. "Zitakuwa za nani?"

Tukazibeba. Kesho yake nikakaa kwenye kigoda changu. Nilikwangua sita. Ya saba sikuikwangua, na ningependa kuandika hapa kwamba dhamiri ilinisuta, lakini ukweli ni kwamba msasa uliisha. Niliisukuma chini ya kitanda, kile kilichokuwepo wiki ile, nikasema nitaimalizia. Tatu kati ya zile sita zilivuka Nakonde siku mbili tu baadaye.

Mama Anyesi alikuja mwezi ulipoisha tu. Sikumjua kwa sura, lakini nilimjua kwa namna alivyonunua, yaani hakununua. Wateja hutazama sufuria ndani. Yeye alipita vibanda vyote vya barabara ile akizigeuza. Alipofika kwetu ma'mdogo alikuwa ng'ambo, nipo peke yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, na viatu vyake vilikuwa na ukungu mweupe wa chumvi. Aligeuza ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akarudi kwenye ya kwanza, akapitisha kidole polepole pale nilipokwangua, palipong'aa kuliko kwingine.

"Binti, hapa palikuwa na nini?"

"Kutu, mama."

Alinitazama. "Aluminiamu haishiki kutu, mwanangu."

Hakupandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Tunduma nilishazoea matusi, na sikuyapata. Alivuta kigoda changu akakaa, akasema hazitaki zile sufuria, zilizouzwa zimeuzwa, na aliyeziuza anamjua, analala naye. Lakini mwenyewe amekana. Amewaambia wazee wa kanisa kwamba hajui lolote, kwamba labda mkewe alizipeleka Ivuna kuziuza. Na akina mama wanakutana Jumapili baada ya ibada.

"Sikuombi kitu kingine," alisema. "Njoo useme neno moja tu. Kwamba siku zilipotoka mimi sikuwepo. Nauli nitakupa. Useme, uondoke."

"Nitakuja," nilisema.

"Kweli?"

"Kweli, mama. Na moja ipo bado na alama yake. Nitakuja nayo."

Alinishika mikono yote miwili, akapiga goti. Mama wa umri ule, ananipigia goti mimi, hapo vumbini, wapagazi wakitazama.

Ma'mdogo aliporudi nilimweleza. Alikuwa anakata mboga na hakuacha kukata. Alisema, ukirudisha moja, kesho watakuja wote: wa kabati, wa redio, wa kitanda cha ndoa. Alisema wataita polisi, na polisi hawamtafuti mzee wa kijijini mwenye kahawa iliyooza, wanamtafuta mwenye kibanda. Kisha akaweka kisu chini, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "Nilikuchukua ukiwa huna hata sahani. Chagua." Sikuchagua chochote. Nikajiambia Jumapili bado iko mbali. Jumapili ilipofika nilivaa vizuri, nikaitoa sufuria chini ya kitanda, nikaifunga kwenye khanga. Saa mbili akaja mteja wa kabati la milango mitatu. Nikamhudumia. Nikambembeleza, nikamshusha, nikampandisha, nikauza vizuri kuliko siku zote, na muda wote nilikuwa ninatazama jua linavyosogea. Mchana ma'mdogo alinunua samaki wa kukaanga, tukala tukiwa tumesimama. Walikuwa watamu. Nakumbuka kabisa kwamba walikuwa watamu.

Niliyajua yaliyotokea kwa kusikia tu, kwenye makochi ya watu, maana tuliendelea kupanda kununua. Nilisikia kwamba mtunzaji aliwaambia wenzake yuko msichana anakuja kutoka Tunduma na ushahidi, na wakamsubiri hadi jua likawa kali, na mmoja akauliza kama huyo msichana anakuja kwa miguu. Wakacheka. Wakamfuta mama Anyesi kwenye umoja. Aliyenisimulia alikuwa ananimiminia chai, nami nikasema pole, kana kwamba ni habari za nchi nyingine.

Yule mumewe alikufa mwaka huohuo, msimu wa mvua ukianza. Siku ya maziko yake nilikuwa nimepita kijiji kile kufuata meza, na njia ilipita juu ya nyumba yao. Kwetu mfiwa hapiki. Mfiwa hukaa chini, kwenye mkeka, na wenzake huingia jikoni na sufuria zao, na kelele za jikoni ndizo zinazomwambia kwamba bado yuko duniani na watu. Wanaume walikuwepo, wamekaa kwenye magogo, maana wanaume hawakuwa na ugomvi na marehemu. Jikoni hakukuwa na mtu. Uani, kwenye mafiga matatu, mama Anyesi alikuwa anasonga ugali mwenyewe, khanga ya kufiwa imefungwa kifuani, kwenye sufuria ya kulisha watu watano. Anaupakua, anaosha, anateleka maji tena. Watu zaidi ya arobaini, watano watano. Anyesi, mtoto mgongoni, alikuwa anapeleka sahani. Nilisimama pale juu nikitazama mizunguko mitatu. Sufuria yenye kulisha umati ule ilikuwa chini ya kitanda changu. Nilikuwa na miguu na mdomo, na kulikuwa na njia ya kushuka. Nikapanda kwenda kuchukua meza.

Nimetafuta kwa miaka mingi mahali pa kujitetea na sijapaona. Umri hautoshi, nimewaona wasichana wa ishirini wakisimama mbele ya watu na kusema. Ma'mdogo alikufa nikiwa na watoto wawili, na mlango ukawa wazi, na sikupita. Nilihamia Vwawa, nikafungua kibanda changu, na mara kadhaa nilimwona mama Anyesi sokoni akiuza chumvi ya Ivuna kwa vikopo. Nilikuwa ninazunguka upande wa nyanya. Siku moja tuligongana uso kwa uso, akanitazama sawasawa na siku ile, akasema, "Karibu chumvi." Nikanunua vikopo viwili. Hadi leo sijui kama alinijua. Nikilala ninasema hakunijua, nikiamka ninajua alinijua.

Basi Alhamisi nikafika na sufuria yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: nitamtafuta Anyesi, nitaigeuza mbele yake, nitasema. Lakini msiba hauna subira. Sasa hivi vyombo hukodiwa mjini, na vya kukodi vilikuwa vichache kuliko watu. Wanawake walipoona nimebeba sufuria walishangilia, wakaipokea, na kabla sijapumua ilikuwa imeshawekwa motoni na maharage ndani. Ikapika kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Nilikula maharage yale. Kisha tukazika, na tuliporudi nikaenda uani walipokuwa wanaosha.

Nilichelewa. Ilikuwa imeshageuzwa. Mama Yohana, bibi wa mvi, mmoja wa wachache waliobaki kati ya wale waliokuwa kwenye umoja wakati ule, na ambaye hakuwepo jikoni nilipofika, alikuwa ameinama juu yake na mikono imejaa povu. Masizi yalikuwa yametoka na duara la bluu lilikuwa pale, na msalaba wake.

"Kumbe kweli," alisema, si kwa hasira, kwa huzuni. "Kumbe marehemu alikuwa nayo. Miaka yote hii."

"Nimekuja nayo mimi," nilisema. "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nayo. Mumewe alituuzia zote saba, yeye akiwa Ivuna. Nilikwangua sita kwa mkono huu. Mimi ndiye yule msichana wa Tunduma mliyemsubiri."

Wanawake waliacha kuosha. Uso wa Mama Yohana ukalegea, ukawa na huruma ambayo sitaisahau.

"Wewe ni nani wake?"

"Si ndugu yake."

"Basi Mungu akubariki. Humu kuna ndugu zake ambao wasingembebea mzigo kama huu siku ya leo. Umesema vizuri. Marehemu asemwe vizuri."

"Sisemi vizuri, mama, nasema kweli! Naapa..."

"Msibani hatuapi," alisema, na mmoja akaitikia amina. Nikasema basi niitiwe Anyesi. Akanishika mkono, akashusha sauti. "Umwambie nini? Kwamba baba yake ni mwizi, leo anapomzika mama yake? Yule mama alikosa, tulimwadhibu, tumemzika. Yameisha." Kisha akamwita msichana mmoja, akampa waya wa kusugulia, akamwambia aikwangue hiyo alama upesi, Anyesi asije akaiona.

Msichana alikuwa hajui. Alisugua kwa kuzungusha, rangi ikawa inapakaa tu. Mama Yohana akamnyang'anya waya, akanipa mimi, akasema mama huyu anaonekana ana mkono. Nilikuwa nimechoka. Ninaliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilikuwa nimechoka, na watu walikuwa wananitazama kwa upendo. Nikakaa kwenye kigoda, nikaomba mafuta ya taa. Nilianza na msalaba, nikamalizia duara. Mama Yohana akapitisha kidole pale palipong'aa, akasema nimefanya vizuri, hapajulikani kama palikuwa na kitu.